Leso Chini ya Kiatu cha Norman

Wenzangu, mmewahi kuona mtu akifukuzwa chumbani na ile kelele aliyofukuziwa ikabaki?

Mimi nimeona, juzi tu, kwenye studio moja pale mtaani Jamhuri.

Tulikuwa magitaa matatu na kayamba moja. Wimbo ulikuwa wa kumwingiza Nthenya ukumbini siku ya harusi yake, na mpiga kayamba ni mamake mwenyewe, Auntie Nzula. Kiongozi wetu Norman alikuwa na presha ajabu.

Beryl, fundi wa sauti, aliweka maiki karibu na shingo ya kila gitaa. Ya kayamba akaisogeza mbali kidogo, isije ikameza magitaa.

Tukapiga. Kwenye spika: du. Du. Du.

"Hiyo ni nini sasa?" Norman akauliza.

"Kuna kitu inagonga floor," Beryl akasema. "Hizi mbao zinapeleka kila kitu kwa maiki."

Norman akamgeukia Nzula. "Auntie, ni wewe. Songa nyuma."

Akasonga. Du. Akasogezwa mpaka mlangoni. Du.

"Auntie, si utoke tu? Unatuharibia. Tutamaliza bila wewe."

Sote tukainamia nyuzi zetu. Aibu gani hiyo! Mama anatolewa kwenye wimbo wa harusi ya mtoto wake, na sisi midomo tumeifunga.

Nzula alifungua leso kiunoni, akaikunja, akaiweka karibu na kiatu cha Norman, akatoka.

"Amesahau nguo yake," Norman akasema, akaisukuma kando.

Tukapiga bila kayamba.

Du. Du. Du.

"Norman," Beryl akasema polepole, "cheki mguu yako."

Kiatu kilikuwa kinahesabu mdundo, ubavuni mwa stendi ya maiki.

Norman akaivuta leso, akaikanyaga, tukarudia. Du ikapotea kabisa.

Norman aliiva uso kwa aibu. Nzula ndiye aliyemfundisha kushika mdundo kwa mguu, kanisani Uthiru, Norman akiwa mdogo. Auntie alikuwa amejua tangu mwanzo, akachagua kumsitiri mbele yetu.

Norman akavua viatu, akamfuata nje na soksi.

"Auntie, nimekukosea. Nisamehe, urudi."

"Nitarudi," Nzula akasema. "Lakini hiyo leso kaa nayo. Mguu wako naujua."

Ndugu zangu, kabla hujamtoa mtu mlangoni, tazama kwanza unakokanyaga. Na kama ulinyamaza akitolewa, kama mimi, usimcheke Norman.