Povu Juu ya Birika

Mvua ya Elnino ilipoanza, tulikuwa tumepanga chumba Kibokoni, mama na mimi, Wakristo wa kutoka bara katika nyumba ya bibi mmoja Mwislamu. Mama alikuwa akifulia watu nguo. Uani palikuwa na birika la saruji, la maji ya kutawadhia, mkomamanga umeliinamia, na sharti la bibi lilikuwa moja tu: tusifulie hapo.

Asubuhi moja tukakuta povu jeupe limeganda tawini, tonge zima, juu ya maji.

"Mwanangu, hapa twatawadhia," bibi alimwambia mama. "Sabuni hii ni ya nani?"

Mama aliapa kwamba hakuligusa birika. Siku chache baadaye likatokea povu la pili, na bibi akatupa notisi ya kuhama. Tangu hapo mama hakutulia. Alifunga mizigo, akaifungua, akaenda Tononoka kuulizia chumba, akarudi na kukaa mlangoni akilikodolea macho lile tawi. Mimi nina hasira za karibu mpaka leo. Nilimnunia kila aliyepita uani na ndoo, na usingizi ukawa wa kurukaruka.

Kulipokucha siku moja, manyunyu yakiendelea, nikawaona. Vyura kadhaa walikuwa wameng'ang'ania tawi, rangi ya gome, mapaja yana manjano kwa ndani, ncha za vidole bapa kama vifungo. Jike alikuwa akiupiga kwa miguu ya nyuma ute uliomtoka, kama apigaye mayai ya keki, na povu likaumuka. Jua lilipochomoza, mmoja aliyekuwa amerukia ukutani akageuka polepole, akawa mweupe kama chokaa. Kumbe mchana tulikuwa tukimpita tukidhani ni ukuta. Nikakimbia kumwita bibi.

Alikuja kanga kichwani, akainua macho tawini. Lile povu la kwanza lilikuwa limelainika chini, viluwiluwi vikidondoka majini kimoja kimoja.

"Nimekudhulumu, mwanangu," alimwambia mama. "Nisamehe. Kaeni, msende popote."

Furaha ilinijaa, nikaingia ndani kufungua mizigo. Mama akanifuata, akanishika mkono, kisha akamgeukia bibi aliyekuwa mlangoni.

"Nimeshakusamehe, bibi, kwa moyo wangu wote," alisema. "Ila nikibaki hapa, kila likitokea jambo uani, nitakuwa nimekaa nangoja uniite uniulize."