Dungu Juu ya Ukuta

Fundi akimwagia maji udongo wa matofali, harufu ile hunirudisha Katindiuka, kwenye mpunga wa bibi. Pembeni palikuwa na tuta refu, masalia ya ukuta wa boma la zamani. Pale uliposimama mnara wa walinzi, sisi tulijenga dungu la kuamia ndege.

Asubuhi moja jirani alilipiga tuta jembe, akitaka udongo wa matofali. Bibi akamwendea.

"Shikamoo mama. Si kichuguu tu hiki?"

"Marahaba. Mama yangu alizaliwa ndani ya ukuta huu, maadui wakiwa nje," bibi alisema, akaketi mbele ya jembe. Hakuinuka mpaka jirani alipoondoka.

Bonge lililochimbuliwa alilifinyanga vidonge vya kombeo, akanijazia viganja.

"Panda dunguni. Zamu yako."