Jogoo Aliyekatwa Mkia

Palikuwa na dobi mmoja, mwanamke mwenye pua isiyo na adabu. Ukimpelekea shati, kabla hajalitia majini amekwisha kujua umekula nini, umelala wapi, na kama uliporudi nyumbani ulisema kweli. Wanaume wawili wa mtaani walihamia kwa dobi mwingine kwa sababu hiyo tu.

Pua hiyo sasa ilikuwa inateseka. Nyuma ya choo kulikuwa na harufu ya mkojo mkongwe, nene, ya kuweza kuanikiwa nguo. Nzi wenyewe walipita pale mbio wameziba pua. Dobi alimwaga dawa, akasugua, akamwaga tena. Wapi. Aliyejidai kumsaidia ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuja kukaa siku mbili akageuka samani. Aliandika kwa mkaa upande wa ndani wa mlango wa choo: ONGESA MAJI UKIMALISA. Jina lake la utani lilikuwa Profesa, ila yeye na herufi Z walikuwa hawajawahi kukutana wakaamkiana.

Dobi alikuwa na kidonda kimoja moyoni. Marehemu mama yake alimwachia pasi ya mkaa yenye jogoo wa shaba juu ya komeo, jogoo aliyevunjika mkia. Pasi nzito, mpaka makunyanzi ya nguo yakisikia inakuja yanajinyoosha yenyewe. Iliibwa mwaka ule ule wa msiba. Habari hiyo aliisimulia kila walipokaa kula, na Profesa alisikiliza machozi yakimlengalenga. Aliuliza hata mkia ulivunjikia wapi.

Jioni moja Profesa akamsogezea simu.

"Shemeji, hebu tazama hapa."

Lilikuwa kundi la mnada wa vitu vya kale. Wanunuzi hawaonani, kila mmoja anaandika dau lake, mwingine analipandisha. Muuzaji, aliyejiita Hazina ya Mababu, ameweka picha ya pasi ya mkaa iliyoshika kutu. Jogoo hana mkia.

"Ni ya mama," dobi alisema.

"Basi usizubae. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

Dobi akaandika dau. Hajaweka simu chini, mtu aitwaye Mpenda Kale kajibu: "Naongesa." Dobi akapandisha. Akatokea Bibi Shaba: "Na mimi naongesa." Akapandisha tena. Mzee Makumbusho naye: "Naongesa, hii siachi." Dau likapita akiba yake, akaanza kuitazama cherehani yake.

"Uza," Profesa alimwambia, kajilaza na simu tatu kifuani. "Cherehani si mama."

"Mke wangu," mumewe alisema taratibu, "pasi sokoni ziko ngapi?"

"Za mama yangu ziko ngapi?"

Akaenda chooni na simu mkononi, ili mnada usimpite. Akachuchumaa, uso kwa uso na mlango. ONGESA. Akatazama simu. Naongesa, naongesa, naongesa. Watu watatu wasiojuana, na wote wamenyimwa Z na mtu mmoja.

Alipotoka, badala ya kuikimbia ile harufu aliifuata. Nyuma ya ukuta, chini ya gunia, kulikuwa na ndoo. Akachokoa kwa kijiti. Pasi mpya za dukani zimelowekwa kwenye mkojo ziote kutu, zizeeke kabla ya siku zao. Jogoo wao wote wamekatwa mikia, na alama za tupa bado zinang'aa.

Alitapika palepale. Mkojo alikuwa ameufua maisha yake yote, wa watoto na wa wagonjwa, na haukuwahi kumfanya kitu. Kilichomtapisha ni ile mikia.

Akaipiga picha ndoo, akaupiga na mlango, akazituma kundini bila kuongeza neno. Kisha mnunuzi mmoja akaandika: "Mimi nilinunua birika kwa huyu Hazina. Tumelinywea chai tangu mwezi uliopita."

Profesa akainuka kwenye kochi kama aliyekalia kaa la moto. "Shemeji, umenimaliza."

"Nimekumaliza kwa S au kwa Z?"

"Biashara tu hiyo. Na mkojo ni wangu mwenyewe, sikumwibia mtu."

"Na mama yangu? Naye ni wako?"

Profesa akamgeukia kaka yake. Kaka akakuna kidevu. "Ni ndugu yangu, mke wangu. Nimtupe?"

"Usimtupe. Mpe pasi yake anyooshe shati la safari."

Dobi mwenyewe aliijaza pasi moja ya ndoo ile makaa mekundu. Mkojo ulipopata moto, harufu ikapanda mpaka mijusi wakadondoka darini. Profesa akanyoosha shati huku akikohoa, akalivaa, akaondoka na begi lake. Wanasema kila alikopanga foleni alihudumiwa wa kwanza.

Cherehani ilibaki. Lakini hadithi ya pasi ya mama yake, dobi alijaribu kuisimulia mara moja tu baada ya hapo, wakiwa wanakula. Alianza vizuri, na uzito wake, na makunyanzi yake. Alipofika kwenye jogoo, pua ikajikunja yenyewe. Akasukuma sahani, akaenda kunawa mikono, na alikuwa bado hajashika tonge.