Kitabu cha Romani

Stefania hakuwa mtu wa makuu. Alizaliwa milimani, Umatumbini, akabatizwa angali anabebwa mgongoni, akaolewa, kisha akateremka na mumewe mpaka Tingi kufuata ardhi ya mihogo na ufuta. Mume hakudumu, homa ilimchukua. Akabaki na mtoto mmoja, Romani, na jirani mmoja, Bi Mwahija, mwanamke wa Kivinje aliyeolewa shamba na ambaye hakuacha kuulalamikia udongo mwekundu hata siku moja.

Hao wawili walikuwa wakigombana kwa sababu ya kuku, na wakishagombana wakikopeshana chumvi. Mmoja alikuwa Mkristo wa misheni, mwingine Mwislamu tangu mababu, na hawakuona haja ya kulizungumzia hilo. Bi Mwahija alisema kwa niaba ya wote wawili. Stefania alisikiliza, akatikisa kichwa, akafanya alilotaka.

Vita vilipopamba moto huko kwa Wazungu, Romani akajiunga na Keya, jeshi la Mwingereza. Mama yake hakuulizwa. Romani alirudi mara moja tu, kwa likizo, na kaptula iliyopigwa pasi na viatu vilivyowashangaza hata mbuzi. Katika mzigo wake mlikuwa na kitabu kinene chenye jalada jeusi.

"Nimekinunua kambini, mama. Maandiko Matakatifu, kwa Kiswahili chetu hikihiki. Mchuuzi anasema duniani hakijapata kuuzwa kitabu kama hiki. Kila nchi wanacho, kila lugha wanacho."

"Kama kila mtu anacho," Stefania akauliza, "mbona Padri hakutuuzia sisi?"

Romani akacheka, akakifungua kitabu.

Siku zote za likizo, jua likishapoa, alikaa kwenye kigoda uani akamsomea mama yake. Stefania hakujua kusoma. Alikuwa akipepeta mtama huku akisikiliza, na ukweli ni kwamba nusu ya maneno yalimpita. Alichokuwa akikinywa ni ile sauti, iliyoondoka ya kitoto na kurudi nzito. Bi Mwahija naye aliuhamisha mkeka aliokuwa akiushona, akajisogeza mpaka kwenye ua wao. Kila likitajwa jina la nabii alidakia, "Huyo na kwetu yupo!" kama mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini.

Likizo ikaisha kisa kikiwa katikati. Romani akakunja ncha ya ukurasa.

"Usimpe mtu akusomee mbele, mama. Nitakuja nimalizie mwenyewe."

Basi akaenda zake, na baadaye ikasikika kwamba kikosi chao kimevushwa bahari kwenda vitani Bama.

Sasa Stefania akafanya kosa ambalo angelifanya Mkatoliki yeyote mwema wa bara ya Kilwa. Alitaka kitabu kibarikiwe. Rozari hubarikiwa, mbegu hubarikiwa, kwa nini kisibarikiwe kitabu cha Mungu? Jumapili akakifunga kwenye kanga yake mpya, akatembea mpaka misheni, na baada ya Misa akamsogelea Padri.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Nimekuletea hiki ukinyunyizie maji."

Padri akafungua ukurasa wa kwanza na uso wake ukabadilika. Hakuwa mtu mbaya, isemwe haki yake. Aliwahi kusukuma pikipiki matopeni mchana kutwa ili akampake mafuta mgonjwa mmoja. Lakini kwa jambo hili hakuwa na mzaha.

"Mama, hiki ni cha Waprotestanti. Hakina ruhusa ya Kanisa. Kiache hapa, nami nitakupa kitabu cha sala."

"Maneno ya Mungu hayamo, Baba?"

"Yamo, lakini yamepunguzwa. Kiache."

Stefania, ambaye maishani mwake hajapata kumbishia padri, akakirudisha kitabu kifuani. "Ni cha mwanangu. Akirudi nitakileta."

"Basi hadi utakapokileta, usipokee komunyo."

Adhabu hiyo wenye mdomo wanaweza kuicheka. Stefania hakuicheka. Jumapili baada ya Jumapili alikaa nyuma kabisa, wenzake wakienda mbele na kurudi wameinamisha vichwa, naye anatazama visigino vyao. Mara mbili Severini, katekista, alitumwa nyumbani kwake kukichukua kitabu. Mara ya kwanza Stefania alikikalia. Kabla ya mara ya pili alikipeleka kwa Bi Mwahija.

"Nihifadhie, shoga. Kwako hawatakitafuta."

"Kitabu cha Mungu hakikai chini," Bi Mwahija akasema. Akakifunga kwa kitambaa safi, akakiweka kwenye ubao wa juu kabisa, ubavuni mwa msahafu wa marehemu baba yake. Hata watoto wa dada yake walikatazwa kukigusa bila kunawa.

Siku tarishi wa bomani alipofika kwenye ua ule, Stefania alijua kabla hajafungua kinywa, maana alivua kofia. Romani alikuwa amefia Bama. Hakukuwa na maiti ya kuosha, wala kaburi la kuonyeshwa. Tarishi alisema Serikali inasikitika, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Padri alimsomea Romani Misa ya wafu, tena kwa huruma. Mama mtu alikaa nyuma bila kupokea. Kisha ndugu zake wakaja wakamchukua, akaenda kukaa matanga milimani, na masika yakamkuta hukohuko.

Mvua za mwaka ule zilikuwa na hasira. Paa la Bi Mwahija likavuja juu ya ule ubao alioutukuza. Msahafu ulikuwa umewekwa upande wa ukutani ukasalimika, lakini kitabu cha Romani kilikunywa maji mpaka kikavimba. Alikianika, kurasa zikagandamana, ukungu ukaota, mende wakaanza. Bi Mwahija akalia kwa uchungu. Neno la Mungu linaoza ndani ya nyumba yake! Akaenda kumwuliza mwalimu wa chuoni, aliyewafundisha watoto Kurani, naye akakuna kidevu.

"Vitabu vyao mie sivijui, Bi Mwahija. Lakini kama jina la Mungu limo, usikitupe wala usikichome. Kisitiri kama tunavyositiri vyetu vikichakaa."

Akakisitiri. Alikata bafta mpya, kitambaa cheupe cha sanda, akakivingirisha, akakifunga na jiwe, akatembea mpaka kwenye mikoko maji yakiwa yamejaa, akakishusha kwa mikono miwili taratibu. Alisoma dua aliyoijua. Alirudi amelowa mpaka kiunoni, moyo umetua, kwa kuwa amana ya mwenziwe hakuiacha idhalilike.

Stefania aliporudi, aliyasikia yote hayo akiwa bado hajatua mzigo. Bi Mwahija alimweleza kila kitu, na bafta, na jiwe, na dua, kwanza kwa fahari, halafu polepole kwa woga, maana mwenzake hakuutua hata huo mzigo. Ungemlaumu kwa lipi? Angalikuwa amekitupa, angalikuwa amekiuza, Stefania angejua la kupiga kelele. Alikaa chini kwenye udongo mtupu.

"Umekivika sanda," akasema mwishowe.

"Wallahi, sanda mpya, mama Romani."

"Mwanangu hakuipata."

Wakalia pamoja, kila mmoja kilio chake.

Bi Mwahija hakuweza kustahimili kumwona vile. Aliuza mkeka wake mzuri kuliko yote, akamwagiza mtu wa majahazi akitafute kitabu Lindi. Kikaja. Jalada jeusi lilelile, unene uleule.

"Ni kilekile, shoga! Mchuuzi kaapa. Anasema hiki ndicho kitabu kinachouzwa kuliko vyote ulimwenguni, kikipotea leo kesho chapatikana kingine, herufi kwa herufi."

Stefania akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama inavyopasa. Usiku ule hakukifungua. Asubuhi alikipekua ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwisho, na kila ncha ilikuwa imenyooka. Mahali Romani alipofikia sasa hapakujulikana na mtu yeyote duniani, na yeye mwenyewe hakujua hata kisa kile kilihusu nini. Alikuwa akisikiliza sauti tu. Alijichukia kwa hilo.

Jumapili akakifunga kwenye kanga akaenda misheni. Hakungoja kuitwa. Mbele ya mlango wa kanisa akamkabidhi Padri kitabu ambacho mkono wa Romani haukupata kukigusa, na Padri akakipokea kwa furaha iliyokuwa ya kweli.

"Umefanya vyema, mama. Najua imekugharimu. Leo Mungu ameuona utii wako."

Akamwingiza ndani. Watu walipokwenda mbele, Stefania naye akaenda, akapiga magoti, akafumba macho. Padri alimtamkia maneno kwa upole kuliko wengine wote, na Stefania akasema amina, kwa kuwa hakufundishwa jibu lingine.