Boneti ya Kumbeba Bibi Harusi

Sogea karibu nikueleze nilivyotengeneza boneti ya gari langu kwa mikono yangu. Binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa Jumamosi, na gari langu jeupe ndilo lingembeba kutoka Ruiru hadi kanisani Thika. Wiki hiyo nilikwenda Ngoliba kuchukua mahindi, na mawe ya barabarani yakabandua rangi ya mbele, yakaacha vidoa vya chuma kitupu.

Kaka alitaka boneti nzima ipigwe rangi upya. Nilipokataa, akaniletea kichupa cha rangi nyeupe. "Nyeupe ni nyeupe," akasema. Nilijaribu tone moja chini ya mlango, mahali pasipoonekana. Likakauka jeupe kama chaki, na gari langu lina weupe wa maziwa. Basi nikasoma namba ya rangi kwenye kibati cha mlangoni, nikaipeleka dukani Thika, wakanichanganyia rangi yenyewe.

Kaka alinikuta nimeinamia boneti na kijiti cha meno.

"Haiya! Dada, hilo ni gari ama ni kucha?"

"Ni kucha za bibi harusi," nikamjibu, nikaendelea kudondosha rangi kwenye vidoa.

Jumamosi asubuhi aliizunguka boneti akitafuta vidoa, asivione. Nilimpeleka binti yake polepole sana, ili watu watuangalie vizuri.

Hata wewe utaweza. Osha kidoa, kikaushe kabisa, weka tone dogo la rangi, na usiongeze jingine kabla hilo halijakauka.