Bomba la Mvua la Getruda

Mayala alikuwa fundi bomba wa kiwanda cha pamba kwa miaka ishirini na miwili, na kila alichofunga alijisifia. "Hili likivuja, niiteni mbwa," alizoea kusema. Sisi majirani zake wa kota, nyumba za kiwanda, tulimcheka, lakini hakuna aliyewahi kumwita mbwa.

Mkewe Getruda alipopigwa na kiharusi, Mayala alimfungia bomba la mvua bafuni, akaweka kigoda chini na chuma ukutani. Mkono mmoja mzima ulikuwa wa kushikilia chuma; wa kuchotea maji hakuwa nao. Kwa miaka mitatu Getruda alikaa chini ya mvua yake na kuoga mwenyewe.

Mwaka 1996 kiwanda kikauzwa, tukaambiwa tuhame kota kabla ya Jumamosi. Mayala angerudi kwao Magu kulima, amwache mkewe Igoma kwa mtoto wao Pius, karibu na hospitali. Wa kumwogesha huko ni mmoja tu, Evelina, mke wa Pius. Na kwetu mkwe hamwoni mama mkwe wake uchi. Getruda aliniambia waziwazi, "Bernadeta, bora ninuke."

Mayala akamtuliza: atainua pipa juu ya miti pale Igoma, achomeke kichwa kile kile cha bomba. Vipya vilijaa madukani mjini siku hizo, vya kila rangi, nasi tulikuwa tukivitazama tu.

Alhamisi asubuhi alifunga koki, akapanda stuli na spana yake. Kichwa hakikutikisika. Akakizungushia kitambaa kilicholoweshwa maji ya ndimu hadi adhuhuri. Wapi. Akakipaka mafuta ya taa, akakipasha moto. Nikamuuliza alikifunga na nini.

"Katani na rangi ya mafuta, shemeji, maji yasipenye," akasema. "Nilizungusha mara mbili ya kawaida. Nilijua hatuhami."

Nyumba ya kiwanda, naye alifunga kama mwenye nyumba. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Bomba likakatikia ukutani, kichwa kikaanguka sakafuni kikapasuka vipande viwili. Pale kwenye katani hapakuachia hata kidogo.

Getruda alikuwa ameketi sebuleni, amesikia yote. "Baba Pius," akaita, "fungua koki."

Tulimkalisha kwenye kigoda, tukatoka. Maji yalimwagika ovyo kutoka ukutani, na alioga kwa muda mrefu sana. Hatukumharakisha.

Nilimwambia Mayala atoboe kopo la maziwa kwa msumari, litafaa badala yake. Spana zake alizigawa siku ile ile, akaenda Magu mikono mitupu.

Jumapili nilikwenda Igoma kuwajulia hali. Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo nilimwona Evelina bafuni na mama mkwe wake, uso ameugeuzia ukutani, mkono ukipapasa mwili asioutazama. Nikiwa uani nilimsikia Getruda. Kila kata ya maji ilipomwagwa, alisema, "Nisamehe, mwanangu."