Ndama Asiyepangiwa Kazi

Shangazi yangu wa Bashay alikuwa na mtamba mmoja mwekundu na goti moja bovu, na likizo ile nilimkuta ameshaamua kumuuza mtamba ili apone goti. Kwenye mnada wa Dongobesh kulikuwa na muuzaji mwenye kipaza sauti, akinadi vidonge vya seli shina vya kuotesha upya mifupa, macho na figo. Jumatatu mtamba angepelekwa kuuzwa ili vidonge vinunuliwe. Mimi nilikuwa nasomea seli hizo hizo chuoni, na hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Nikamwomba padri nafasi ya kuzungumza na watu baada ya misa ya Jumapili. Alikubali, ila nisizidi urefu wa mahubiri yake. Shangazi alikaa benchi la mbele, mguu ameunyoosha. Nikaanza kama nilivyofundishwa: utando, kiini, vinasaba. Haukupita muda akina mama wakaanza kukaza kanga zao, na baba mmoja alikuwa anakoroma kwa amani kabisa. Niliona aibu.

Nikakunja karatasi yangu. Nikawauliza, ndama dume akizaliwa kwenu mnampangia kazi gani? Kanisa likaamka. Wengine wakasema maksai wa kulima, wengine fahali wa mbegu, wengine wa harusi ya binti. Nikawaambia hata mwilini mwetu zipo seli changa, ndizo hizo seli shina, ambazo hazijapangiwa kazi, na zinaweza kuja kuwa damu, ngozi au mfupa. Seli zetu nyingine nyingi zimeshapangiwa, na maksai aliyehasiwa harudi kuwa fahali. Wakacheka sana, wanaume kidogo kuliko wanawake.

Mzee mmoja akataka kujua kama basi dawa hiyo inatengenezwa kwa ndama, maana yeye anao wawili. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba seli hizi zinatoka kwa watu wenyewe, na kwamba hospitali kubwa zinazitumia kutibu baadhi ya magonjwa ya damu. Ila hazikai ndani ya kidonge juu ya meza ya mnadani.

Shangazi akasimama, ameshika benchi.

"Mwanangu, ya goti ipo au haipo?"

Chuoni swali kama hilo tunalijibu kwa kurasa nyingi. Niliutazama ule mguu uliotembea nami nikiwa mgongoni kwake utoto wangu wote.

"Bado, shangazi. Inatafutwa."

Akakaa polepole. Iliniuma, kwa sababu nilijua ameshaanza kujiona akitembea. Kisha akasema, watu wote wakimsikia, kwamba basi mtamba atalala nyumbani. Makofi yalilia, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia mtihani wowote.

Masika yalipoanza mtamba akazaa, dume. Tangu hapo shangazi akinipigia simu, tukimaliza shikamoo na habari za mvua, huniuliza kama dawa ya goti imefika. Namjibu bado. Ananiambia nisome kwa bidii, basi, na asinione nalala.

Yule ndama sasa ni dume zima lenye shingo nene. Majirani wanamtania shangazi kwa kulisha mnyama asiyelima wala kupanda majike. Yeye anawajibu kwamba atampangia kazi siku nitakayomwambia imefika.